Makucha Manne ya Dhahabu

Sonara hakuanza kwa kuliangalia jiwe. Alianza kwa kuniomba mikono. Niliinyoosha juu ya meza yake ya kioo, pale mjini Biharamulo, akaigeuza, akavipapasa viganja, akatazama na kucha, kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja kabla ya harusi yangu na sikupenda kupapaswa.

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wa chaki tu?"

"Wa chaki tu, mzee."

Nilidanganya kwa kiburi. Mwalimu gani wa shule ya msingi huku kwetu anaishi kwa chaki tu? Nilikuwa nafundisha Kasulo, wilayani Ngara, na nyuma ya nyumba ya shule nilikuwa na migomba, mihogo na maharage kama kila mtu. Viganja vyangu vilikuwa vimeshamwambia ukweli, ila alikuwa mtu wa adabu.

Ndipo akaomba jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe na wekundu wake ni ule ule wa maharage, mpaka uliinue kwenye jua, hapo ndipo linawaka kwa ndani. Marehemu baba mkwe aliliokota ujanani alipokuwa akichimba dhahabu, akampa mkewe. Na mkewe, ambaye sasa alikuwa mama mkwe wangu, alinikabidhi mimi siku wakwe walipokuja nyumbani kwetu Mabawe, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Macho yake yalikuwa yameshafifia, anaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo aliniwekea jiwe kiganjani kwa kupapasa, akanifunga vidole kimoja kimoja.

"Marehemu hakuniachia hata picha," alisema. "Ameniachia hili. Likipotea, atakuwa amenipotea mara ya pili."

Wazee wakapiga makofi. Mimi nililishika kwa mikono miwili. Zawadi ya namna hiyo si zawadi, ni lindo.

Sonara alitoa pete mbili za mfano. Ya kwanza, jiwe lilikuwa limezungushiwa ukuta mwembamba wa dhahabu, ukuta wenyewe umekunjwa juu kidogo ukalibana pande zote, ukipitisha kidole husikii pa kukwama. Ya pili, jiwe lilikuwa limeinuliwa juu na kushikwa na makucha manne, kama kuku aliyekamata punje. Mwanga uliingia kila upande. Jiwe la ile ya kwanza lilikuwa limepoa, la hii ya pili lilikuwa linacheka.

"Kwa mikono yako," akasema taratibu, "mimi ningezungushia ukuta. Hauonyeshi sana, lakini jiwe halitoki. Makucha ni ya mtu anayekaa kwenye kiti."

Nikaitazama ile yenye ukuta, na moyo ukanikataa. Nieleze kwa nini, maana hapo ndipo nilipokosea. Wiki ile ile nilikuwa nimejaza fomu ya uhamisho, kutoka Ngara kuja Biharamulo. Mume wangu mtarajiwa alikuwa mchimbaji mdogo, anashinda kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na nyumbani anaonekana siku tatu kwa mwezi. Mama yake alihitaji mtu wa kukaa naye. Mtu huyo nilikuwa mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na mimi, niliyezoea kumjibu hata mkaguzi wa shule, sikusema kitu. Nilijaza fomu. Kwa hiyo nilipoliona lile jiwe limezungushiwa ukuta pande zote, nilijiona mimi mle ndani.

"Niwekee makucha," nikasema.

Kosa la pili lilikuwa la mchumba wangu, naye alilifanya akiwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. Alikuwa amekuja na kipande chake cha dhahabu, kimefungwa kwenye karatasi ya sigara. Sonara akamweleza kwamba dhahabu tupu ni laini, makucha yake yatainama, lazima ichanganywe na shaba kidogo ipate ugumu. Mchumba wangu akacheka cheko la wachimbaji. Kwao sonara akitaja shaba anataka kukuibia. Alikataa katakata, akavuta kigoda, akakaa pale mpaka dhahabu ilipoyeyushwa mbele ya macho yake, haangalii pembeni, hata chai aliyoagiziwa ikapoa. Hakuibiwa hata chembe. Tukaondoka na pete ya dhahabu tupu yenye makucha laini, yeye na ujanja wake, mimi na kiburi changu. Mungu alikuwa ametukutanisha kweli.

"Uniletee kila baada ya miezi michache niyakaze," sonara alisema tukiwa mlangoni.

Sikumpelekea.

Padri aliibariki ile pete, na baada ya juma moja nilikuwa nimehamia kijijini kwa mama mkwe, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini. Nyumba ya bati, migomba nyuma, mihogo pembeni, uzio wa minyaa mbele. Nilifundisha asubuhi, nikirudi nalima, napika, nachota maji. Mama mkwe hakuwa mkorofi. Ningependa kusema alikuwa mkorofi, ingenirahisishia. Alikuwa mpole, anashukuru kila kitu, anachambua maharage kwa vidole vyake vizuri kuliko mimi mwenye macho, na hatoki uani. Na mimi nikawa sitoki.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipiga goti mbele yake kama nilivyolelewa kwetu, nikatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kiwiko kwa heshima. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwarimu," maana l na r kwake ni kitu kimoja. Halafu, badala ya kuuachia mkono, vidole vyake vilitambaa juu ya mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, vikautafuta ule wa kushoto, vikaipata pete. Alilikanyaga jiwe kwa kidole gumba. Mara moja. Halafu akapumua, akaniachia.

Mwanzoni niliona ni upendo. Baada ya miezi miwili nilihisi kama ng'ombe anayehesabiwa asubuhi kabla ya kufunguliwa.

Na hayo makucha! Niliyachagua ili jiwe lipumue, kumbe asiyepumua atakuwa mimi. Yalinasa kwenye kitenge. Yalinasa kwenye chandarua, kwenye sweta, kwenye nyuzi za gunia. Nikimenya muhogo nyuzi zinajisokota kwenye ukucha mmoja, nikifua shati la shule linabaki na kitundu. Nikaanza kuishi na mkono wa kushoto umeinuliwa kifuani. Nilijifunza kufunga kanga kwa mkono mmoja. Majirani wa kike hawakunionea huruma.

"Mwalimu, huo mkono umejifungua lini mbona unaubeba hivyo?"

"Mwache, ana mkono wa kwenda nao kanisani tu."

Nilijaribu kuivua. Niliiweka kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Siku hiyo hiyo, saa saba mchana, mama mkwe akaniomba maji, nikampa kwa mikono miwili, na vidole vyake vikapita juu ya kidole kitupu. Aliyanywa maji yote, akakirudisha kikombe, akakaa amenyamaza mpaka jioni, ananipigia hesabu ya hatua zangu kwa masikio. Nikaivaa tena. Tangu hapo sikuivua hata kulala.

Ndiyo maana siku ya kupiga maharage nilikuwa nayo kidoleni.

Huku kwetu maharage yanang'olewa na mashina yake, yanaanikwa mpaka maganda yanalia ukiyagusa, halafu wanawake wanakusanyika uani kwa mwenye mavuno, leo kwako kesho kwangu, wanayapiga kwa fimbo juu ya turubai. Sikutaka kusimama pembeni na mkono wangu wa kanisani. Kejeli zilikuwa zimeniuma. Nilishika fimbo kwa mikono miwili, nikapiga kwa hasira zangu zote, nikazoa maganda kwa viganja, nikapepeta. Nikafurahi, kwa kweli. Kwa muda wa saa tatu nilikuwa na mikono miwili kama watu wote.

Mchana, nanawa tule, nikaona. Makucha manne yamesimama, mawili yamepinda nje, na katikati hakuna kitu.

Sikupiga kelele. Niliingiza mkono kwenye mfuko wa sketi na kurudi kwenye turubai. Jiwe jekundu lenye ukubwa wa haragwe lilikuwa limeangukia kwenye magunia matatu ya maharage mekundu. Ningeanzia wapi? Kuwaambia wale wanawake kungekuwa kumwambia kila mtu, na kabla jua halijatua ingekuwa imeshafika sokoni kwamba yule msichana wa Ngara mwenye elimu kichwani amempoteza marehemu. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale, mita tano, kwenye mkeka wake, ameinua uso kwenye jua. Nilimtazama nikajisikia mwizi.

Nilijiambia nitalipata kabla hajajua. Nilichohitaji ni siku chache tu. Alichokuwa akikitafuta kila asubuhi kilikuwa kitu kigumu, kidogo, juu ya pete. Basi. Nikaingia chumbani, nikachukua punje moja ya haragwe, nikaichagua vizuri, nikaikalisha kati ya makucha na kuyabana kwa meno. Dhahabu tupu, hata meno inayasikia. Halafu nikazungushia bandeji, kwa sababu haragwe halina ubaridi wa jiwe, na kidole gumba cha yule mama kilikuwa kimelikanyaga lile jiwe maisha yake yote.

"Nimejikata na ganda, mama," nikamwambia kesho yake nikiwa nimepiga goti. "Kidole kimevimba, pete haivuki, imebidi niifunge humo humo."

Vidole vyake vikaja, vikafika kwenye bandeji, kidole gumba kikakanyaga. Kikakaa pale. "Pole, mwarimu," akasema.

Nikapumua. Nikaona nimeokoka, kumbe nimejifungia mlango na ufunguo nimeutupa nje.

Nikitoka shule nilifungua gunia la kwanza, nikamwaga ungo baada ya ungo, nikapitisha punje moja moja. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu macho yalianza kuona mawe kila mahali: nikisahihisha daftari naona nukta nyekundu zinatembea. Mama mkwe aliketi mkabala nami na ungo wake, akichambua ya kupika jioni, anatupa vijiwe pembeni, tik, tik. Niliokota kila alichotupa. Ulikuwa mchanga.

"Mwaka huu unachambua sana," aliniambia.

"Nataka tupeleke mengine nyumbani Mabawe, mama. Yawe safi."

"Vizuri."

Na kila asubuhi goti chini, shikamoo, vidole, bandeji. "Kidonda hakijapona?" "Bado kidogo." "Pole." Sijui kama umewahi kudanganya mtu asiyeona. Hakuna mahali pa kuweka uso wako. Nikawaza kuomba ruhusa nirudi kwetu siku mbili, nikawaza kutorudi kabisa. Nikampigia mume wangu simu, mtandao ukakatika kabla sijasema, nikashukuru. Nilikuwa nimebanwa nyumba nzima, na aliyenibana ni punje ya haragwe.

Bandeji niliibadilisha mara moja tu, kwa woga, kwa haraka, bila kutazama sana. Nilikuwa naosha vyombo nayo, nafua nayo, natwanga nayo. Ilikuwa mbichi mchana na usiku. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye kila mwaka nawaamuru watoto waweke haragwe kwenye pamba yenye maji ndani ya kikombe waone litakavyokuwa, sikuliwaza hilo hata mara moja.

Asubuhi ya siku ya sita kidole kilikuwa kinauma kweli. Nilipiga goti. Vidole vyake vikaja, kidole gumba kikakanyaga, na safari hii hakikuondoka. Kilibonyeza. Kitu kikabonyea. Mama mkwe akauvuta mkono wa kushoto mapajani kwake, akatafuta ncha ya bandeji, akaanza kuifungua, mzunguko baada ya mzunguko, naye hakuwa na haraka. Ningeweza kuuvuta mkono. Sikuuvuta. Nilikuwa nimechoka.

Haragwe lilikuwa limevimba likapasua ganda lake na kuyafumbua makucha yote manne. Kimzizi cheupe kilikuwa kimetoka, kimejikunja kwenye ngozi yangu. Aliligusa polepole kwa ncha ya kidole, akalinusa.

"Mwarimu," akasema, "jiwe rimeota."

Nililia. Nilimwambia kila kitu, fimbo, turubai, meno, uongo, mpaka kiburi changu kwa sonara, mpaka kwamba nilitaka kukimbia. Nilimwambia kwamba marehemu nimempoteza mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashika pembe ya kanga yake kiunoni, akafungua fundo, akanitolea jiwe.

"Niliripata siku ya pili," akasema. "Kwenye maharage ya kupika."

Machozi yalikauka pale pale. Nilikasirika, sitaficha. Siku nne nzima nachambua magunia mbele yake, nainamisha mgongo, nakosa usingizi, na yeye kalifunga kiunoni!

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Mama mkwe alikuwa na jiwe kiganjani bado, analikanyaga na kidole gumba bila kujijua.

"Mimi sikuwahi kurivaa," akasema. "Niliogopa. Tangu aliponipa, liko kwenye fundo. Nikiamka, kabla sijasali, naligusa. Nikiwa shamba, naligusa. Sijawahi kwenda kisimani mikono yangu yote miwili iko huru. Nikasema nikupe wewe nipumzike. Arafu sikupumzika, nikawa naligusa kwako." Akalipapasa tena. "Nilipolipata kwenye ungo nikasema, mwarimu atakuja kuniambia. Nikasubiri. Kila siku unaleta kidonda."

Jumamosi tulipanda bodaboda wawili, mmoja nyuma ya mwingine, tukaenda mjini. Alikuwa hajatoka uani tangu harusi yangu. Sonara alinikumbuka. Akayatazama makucha yaliyofumbuka, akatazama ganda la haragwe lililobaki limenata ndani, hakuuliza. Aliniomba mikono tena, na safari hii nilimwambia kabla hajauliza: nalima, namenya mihogo, napiga maharage, nafua, na chaki pia.

"Ukuta," akasema.

"Ukuta."

"Na shaba?"

Hapo ilibidi tumpigie mume wangu. Alianza kubisha, shaba ni wizi wa masonara, mama mkwe akaniomba simu. "Dhahabu yako imeshindwa kushika haragwe," akamwambia, akanirudishia.

Sonara alifanya kazi mbele yetu. Alipolikalisha jiwe kwenye kiti chake juu ya pete, kabla ya kuukunja ukuta juu yake, alisimama akanitazama. "Nikishaziba hapa, dada, halitoki tena. Ukitaka kulitoa ni mpaka kukata pete."

Mama mkwe aliinua uso kunielekea mimi, siyo sonara. Alikuwa anasubiri, kama alivyosubiri zile siku zote. Nilitazama lile jiwe, mwanga wa dirishani bado umeliingia kwa chini kwa mara ya mwisho, na ule moyo wa kukataa ukanijia upya. Haukuwa umeenda popote. Uhamisho ulikuwa pale pale, uzio wa minyaa pale pale, mume yuko shimoni. Ila nilikumbuka pia zile saa tatu za kupiga maharage kwa mikono miwili.

"Ziba, mzee," nikasema.

Jumatatu nilipiga goti kama kawaida, mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko, kidole kimenyooka tayari kukaguliwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwarimu." Aliushika mkono wangu wa kulia, akautikisa, akauachia. Vidole vyake havikutambaa. Nilibaki nimepiga goti, nasubiri, mpaka goti likaniuma.

"Nenda, utachelewa," akasema, akaushika ungo wake.

Nikanyanyuka nikaenda. Nilitembea mikono yote ikining'inia pembeni, kama mtoto aliyesahau mfuko wa daftari. Nimefika kwenye minyaa, ndipo nikakuta kidole gumba changu mwenyewe kimeshafika kwenye jiwe, kinalikanyaga.